Ruhusa ya muda ina siku yake ya mwisho: Somo la mifuko ya plastiki

MEZA moja ya genge katika kata ya Mabawa, jijini Tanga, inaweza kubeba plastiki mbili zinazofanana kwa macho, lakini zikatofautiana kabisa mbele ya sheria. Moja imefunga kilo ya unga tangu kiwandani. Nyingine ni mfuko mwepesi anaopewa mteja abebee nyanya na vitunguu kwenda nyumbani. Ya kwanza imeruhusiwa. Ya pili inaweza kumfikisha muuzaji mahakamani.

Hapo ndipo wafanyabiashara wadogo wengi huchanganyikiwa. Husikia kwamba plastiki imepigwa marufuku, kisha wakaona bado imejaa madukani. Husikia kwamba serikali imetoa muda, lakini hawajui muda huo ni wa nani, kwa bidhaa gani na unaisha lini. Anayekosea hesabu hiyo hupoteza mtaji.

Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Tanzania Bara ilitangazwa bungeni Dodoma na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa mwezi Aprili 2019, na ikaanza kutumika Juni 1 mwaka huo. Kanuni zake zilitungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Zanzibar ilikuwa imetangulia mwaka 2006, Rwanda 2008 na Kenya Agosti 2017.

Adhabu ziliwekwa kwa ngazi. Kwa mujibu wa kanuni hizo, anayekutwa na mfuko au kuutumia hutozwa faini ya kati ya Sh 30,000 na Sh 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba. Muuzaji hutozwa kati ya Sh 100,000 na Sh 500,000, au kifungo kisichozidi miezi mitatu. Anayehifadhi au kusambaza hukabiliwa na faini ya Sh milioni 5 hadi milioni 50, na mzalishaji au mwagizaji Sh milioni 20 hadi Sh bilioni moja.

Kwa mama anayeuza mboga kwa mtaji wa Sh 50,000, faini ya chini kabisa ya muuzaji ni mara mbili ya mtaji wake wote. Ndiyo maana ni muhimu ajue mpaka wa sheria ulipo.

Kifungashio na kibebeo

Kanuni za 2019 hazikufuta plastiki yote. Ziliacha nje vifungashio vya huduma za afya, bidhaa za viwandani, ujenzi, kilimo, usindikaji wa vyakula, na usafi na udhibiti wa taka. Sababu yake inaeleweka: zipo bidhaa ambazo bila plastiki zitaoza, zitamwagika au zitaingia uchafu.

Mkulima ananufaika moja kwa moja na ruhusa hiyo. Anayeotesha miche ya michungwa kule Muheza hutumia viriba vya plastiki kitaluni, na hiyo ni kazi ya kilimo. Lakini mkulima huyo akichukua plastiki ya shambani na kumfungia mteja machungwa ya kubeba mkononi, ametoka nje ya ruhusa. Plastiki ni ileile, kazi imebadilika.

Mpaka huo kati ya kifungashio na kibebeo ndio uliovunjwa zaidi. Baada ya mifuko ya Rambo kuondoka, mifuko laini inayoonyesha ndani, iliyozoeleka kufungia karanga na ubuyu, ilianza kutumika kubebea bidhaa sokoni. Ruhusa iliyotolewa kwa kazi moja ikageuzwa mlango wa nyuma wa kazi nyingine.

Serikali iliingilia kati Januari 2021. Ummy Mwalimu, aliyekuwa Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Makamu wa Rais akishughulikia mazingira, alitoa miezi mitatu, hadi Aprili 8, 2021, kwa wazalishaji, wasambazaji na watumiaji kuachana na vifungashio visivyokidhi viwango. Hiyo ilikuwa ruhusa ya muda kwa maana yake halisi: ilikuwa na mwanzo, mwisho na walengwa.

Hesabu ya miezi mitatu

Muda wa namna hiyo hutolewa ili mtu amalize mzigo alionao na atafute njia nyingine. Wapo wanaoutumia hivyo. Wapo pia wanaouona kama nafasi ya kununua zaidi, hasa msambazaji anaposhusha bei ili mzigo umtoke mikononi.

Hebu tuchukue mfano wa muuza duka anayetumia mabunda mawili ya vifungashio kwa wiki. Kuanzia Januari 8 hadi Aprili 8 ni siku 90, yaani wiki zisizotimia 13. Kwa kasi yake atamaliza mabunda 25 tu. Akishawishika kununua 40 kwa sababu yameshuka bei, asubuhi ya Aprili 9 atakuwa na mabunda 15 stoo. Fedha yake imelala, na mzigo wenyewe umegeuka ushahidi dhidi yake. Bei nafuu imemponza.

Mfanyabiashara mwangalifu hurudi nyuma kutoka siku ya mwisho. Hujiuliza anauza kiasi gani kwa wiki, zimebaki wiki ngapi, na mbadala utachukua siku ngapi kumfikia. Hununua pungufu ya anachoweza kumaliza, na huanza kuwazoesha wateja mfuko mpya wakati ule wa zamani bado unaruhusiwa.

Ruhusa nzuri inafananaje?

Kanuni za 2019 ziliambatana na mfano mdogo unaofundisha mengi. Wageni wanaoingia nchini walitakiwa kuacha mifuko ya plastiki kwenye kituo cha kuingilia, isipokuwa ile midogo yenye zipu inayobeba vitu vya usafi wa mwili. Hiyo iliruhusiwa, kwa matarajio kwamba mgeni ataondoka nayo na hataitupa nchini. Ruhusa hiyo ilitaja kitu chenyewe, mwenye kuruhusiwa, kazi yake na sharti lake. Haikuacha nafasi ya mtu mwingine kujipenyeza.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina utaratibu wa namna hiyo katika ushuru. Nchi wanachama hutoza ushuru wa pamoja kwa bidhaa zinazotoka nje ya jumuiya, na tangu Julai 2022 viwango vyake vikuu ni asilimia 0, 10, 25 na 35. Nchi ikiwa na sababu, huweza kuomba itumie kiwango tofauti kwa bidhaa fulani kwa mwaka mmoja, na uamuzi hutangazwa katika gazeti rasmi la jumuiya. Mwaka ukiisha bila kuongezwa, kiwango cha kawaida kinarudi. Mfanyabiashara aliyeagiza mzigo akidhani nafuu ya mwaka jana bado ipo hukutana na bili nyingine bandarini.

Kutokana na mifano hiyo, mwenye kupewa ruhusa yoyote ya muda, iwe ya mifuko, kibanda, kusafirisha mazao au ushuru, anapaswa kuwa na majibu ya maswali matano. Nani ameruhusiwa? Kwa kitu gani? Kwa kazi gani? Hadi tarehe gani? Na nani ametoa, kwa maandishi yapi?

Swali la mwisho ndilo linalodharauliwa zaidi. Ruhusa ya mdomo kutoka kwa ofisa aliyepita sokoni haina nguvu akija ofisa mwingine. Nakala ya kibali au ya tangazo ikae dukani, na tarehe ya mwisho iandikwe ukutani kwa herufi kubwa, mahali ambapo hata msaidizi wa duka ataiona.

Aidha, ruhusa haivuki mpaka. Anayepeleka mazao Mombasa kupitia Horohoro akumbuke kwamba upande wa pili kuna sheria ya Kenya, ambayo iliacha vifungashio vya viwandani lakini ikaweka faini ya Sh milioni 2 hadi milioni 4 za Kenya, au kifungo, kwa mifuko iliyokatazwa. Kinachokubalika Tanga si lazima kikubalike Lunga Lunga.

Anayetii asiumie

Upo upande mwingine wa jambo hili unaowahusu wenye mamlaka. Muda unapoongezwa kila unapokaribia kwisha, anayeumia ni yule aliyetii mapema. Aliyenunua mifuko ya karatasi au ile ya kitambaa chepesi kwa bei ya juu anashindana na jirani aliyeendelea na plastiki ya bei poa. Akiona hivyo mara mbili, mara ya tatu na yeye atasubiri. Hapo marufuku inabaki kwenye makaratasi.

Kwa upande mwingine, sheria isiyo na nafasi ya dharura nayo huvunjwa. Muuza samaki hawezi kufunga pweza mbichi kwenye gazeti, na hospitali haiwezi kutupa taka zake kwenye kikapu. Kinachotakiwa ni ruhusa nyembamba, yenye tarehe, inayotangazwa mapema hadi kwenye kata na kukaguliwa kabla haijaisha, ili ijulikane kama sababu iliyoileta bado ipo.

Tanga yenyewe ina nafasi katika mbadala. Mkonge umelimwa katika ukanda huu tangu ulipoletwa Pangani mwaka 1893, na vikapu vya ukili ni kazi ya mikono ya akina mama wa pwani kwa miaka mingi kabla ya pliastiki kuja. Siku za ruhusa ya muda ndizo za msusi kutafuta soko na muuza duka kutafuta msusi. Zikipita bila mazungumzo hayo, kila mmoja atabaki akilalamika peke yake.

Kwa muuza genge wa Mabawa, hatua ya kwanza haihitaji mtaji. Leo kabla ya kufunga, apange plastiki zote za mezani mafungu mawili: zinazofunga bidhaa na zinazobeba bidhaa. Fungu la pili aliondoe. Fungu la kwanza alikague kama lina jina la mzalishaji na kama linakidhi viwango vya TBS. Siku za mwizi ni arobaini. Za mwenye ruhusa ya muda zimeandikwa kwenye tangazo, na ni juu yake kuzihesabu.