Tezi ya Shingo na Mwendo wa Moyo

Mwaka 1786 tabibu Mwingereza wa mji wa Bath, Caleb Parry, alimwona mgonjwa mwanamke ambaye shingo yake ilikuwa imevimba na moyo wake ukidunda kupita kiasi. Alihisi kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano, lakini hakuwa na njia ya kuueleza. Neno homoni lenyewe lilikuja kutumiwa mwaka 1905.

Sasa yafahamika kwamba tezi dundumio, iliyokaa mbele ya koo mfano wa kipepeo, hutengeneza tiroksini kwa kutumia ayodini. Tiroksini ina atomu nne za ayodini. Katika ini na figo huondolewa atomu moja, na kinachobaki ndicho hasa kitendacho kazi moyoni.

Mwanafunzi aitwaye ghafla ubaoni husikia moyo ukienda mbio. Hiyo ni adrenalini, ambayo huishia kwenye utando wa nje wa seli, na baada ya dakika chache mambo hutulia. Homoni ya dundumio huingia hadi kwenye kiini cha seli, ikaamuru protini fulani zitengenezwe kwa wingi na nyingine zipunguzwe. Miongoni mwa zinazoongezwa ni pampu irudishayo kalisi ghalani kila baada ya pigo, ili msuli ulegee upesi na moyo ujae damu upya. Kazi hii huchukua saa nyingi, pengine siku kadhaa.

Homoni ikizidi, moyo huenda mbio hata mtu akiwa usingizini, na pengine vyumba vyake vya juu huanza kutetemeka bila mpangilio. Ikipungua, mapigo huwa ya polepole na maji huweza kukusanyika katika mfuko uuzungukao moyo. Mwaka 1918 Mjerumani Hermann Zondek alieleza kwamba mioyo ya wagonjwa wa namna hii ilikuwa imetanuka, nayo ilirudi kuwa midogo walipopewa dawa ya dundumio.

Jambo hili lazihusu sana nchi zenye rovu. Chumvi yenye ayodini ilipoenea Zimbabwe na Kivu katika miaka ya 1990, baadhi ya watu wazima wenye rovu la siku nyingi walianza kuugua: tezi zao, zilizozoea uhaba, zilitengeneza homoni kupita kiasi. Mgonjwa wa aina hiyo hukonda, hutetemeka mikono na moyo humwenda mbio, na ni rahisi kudhaniwa kuwa ana wasiwasi tu. Dawa si kuiacha chumvi hiyo, maana ukosefu wa ayodini huharibu ubongo wa mtoto tangu tumboni. Inafaa damu ya mgonjwa ipimwe mapema.

Hata kuongeza homoni iliyopungua kwahitaji subira. Mzee huanzishiwa kipimo kidogo, kwa sababu moyo uliozoea mwendo wa pole, hasa ambao mishipa yake imekwisha kuwa myembamba, waweza kuumia ukihimizwa ghafla.