Antibiotiki ya Kupaka na Kazi Yake Finyu

Impetigo ni maambukizi ya bakteria katika tabaka la juu la ngozi. Huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 5, hasa majira ya joto na unyevunyevu. Huanza kwa vipele vidogo kuzunguka pua na mdomo, ambavyo hupasuka, hutoa majimaji, kisha hukauka na kuacha gamba la rangi ya asali. Bakteria wanaohusika ni Staphylococcus aureus na Streptococcus pyogenes, nao hupenya kupitia mchubuko, alama ya kuumwa na mbu au ngozi iliyokunwa kwa sababu ya upele. Ugonjwa huenea kwa kugusana na kwa kuchangia taulo. Madoa yakiwa machache na mtoto hana homa, hapo ndipo antibiotiki ya kupaka inapostahili kutumika.

Ubora wake ni kwamba hufika palepale penye bakteria, tena kwa wingi ambao kidonge hakiwezi kuufikisha, bila kuwavuruga bakteria wema wa tumboni. Kasoro yake ni kwamba haizami. Jipu lililoiva halitibiki kwa kupakwa chochote. Linahitaji kupasuliwa na mhudumu wa afya ili usaha utoke. Maambukizi yaliyoshuka ndani ya ngozi nayo yanataka dawa ya kumeza au sindano. Vitabu vingi hutaja wekundu kuwa dalili ya hali hiyo, dalili isiyosaidia sana kwenye ngozi nyeusi. Ni afadhali kupima kwa mkono kama mahali hapo pana joto, pamevimba na panauma.

Dawa inayojulikana zaidi katika kundi hili ni mupirosini ya asilimia 2, iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Chanzo chake ni bakteria mwingine, Pseudomonas fluorescens, na ilianza kutumika katika tiba katikati ya miaka ya 1980. Huzuia kimeng'enya ambacho bakteria hukitegemea ili kuingiza asidi amino ya isolusini katika protini zake. Protini zisipojengwa, bakteria hazaliani. Ikiingia kwenye damu huvunjwa upesi na kupoteza nguvu, ndiyo maana haina kidonge. Asidi ya fusidi, inayotokana na kuvu na iliyoanza kutumika Denmark mwaka 1962, hufanya kazi inayokaribiana na hiyo.

Namna ya kupaka ina uzito sawa na dawa yenyewe, ingawa mara nyingi mgonjwa hukabidhiwa tyubu bila maelezo. Mikono huoshwa kwanza. Magamba hulainishwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha huondolewa taratibu bila kubanduliwa kwa nguvu, kwa kuwa dawa iliyopakwa juu ya gamba nene haiwafikii bakteria walio chini yake. Kidonda hukaushwa kwa kitambaa safi, dawa hupakwa kwa tabaka jembamba mara 3 kwa siku, na mikono huoshwa tena. Mdomo wa tyubu usigusane na kidonda, na tyubu moja isitumiwe na watu wawili. Kwa kawaida tiba huchukua siku 5 hadi 7, na mupirosini haipaswi kuzidi siku 10. Pasipokuwa na nafuu baada ya siku 3 hadi 5, mgonjwa arudi kuchunguzwa, si kuongeza dawa. Malhamu ya mupirosini yenye polyethilini glikoli haifai kwa vidonda vikubwa vilivyo wazi wala majeraha makubwa ya moto, kwani kiambato hicho hufyonzwa na kinaweza kuyaelemea mafigo.

Makosa makubwa zaidi hutokea kabla hata tyubu haijafunguliwa. Mashilingi, au choa, ni ugonjwa wa kuvu. Upele unaowasha usiku husababishwa na wadudu wadogo. Antibiotiki haigusi hata kimoja kati ya hivyo. Krimu za mchanganyiko, zenye gentamisini, dawa ya kuvu na steroidi kali kama betamethasoni, hupendwa kwa sababu muwasho hutulia haraka. Utulivu huo ni kazi ya steroidi, ambayo hupunguza kinga ya ngozi huku kuvu likiendelea kutambaa, na ikitumika muda mrefu huifanya ngozi ya uso kuwa nyembamba na kupauka. Kumwaga unga wa kapsuli za antibiotiki zenye rangi mbili juu ya kidonda nako hakuna faida. Penisilini ya kupaka iliachwa na matabibu zamani kwa sababu iliwasababishia watu mzio, hatari inayoweza kujitokeza baadaye wanapochomwa sindano ya dawa hiyohiyo.

Kisha kuna usugu. New Zealand iliruhusu mupirosini iuzwe bila cheti cha daktari mwaka 1991. Kabla muongo huo haujaisha, bakteria wa Staphylococcus aureus waliokuwa sugu kwa dawa hiyo walikuwa wameongezeka sana, na mwaka 2000 ruhusa hiyo iliondolewa. Uingereza nayo, katika mwongozo wa mwaka 2020, ilipendekeza madoa machache ya impetigo yaanze kupakwa krimu ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 1, ambayo huua vijidudu lakini si antibiotiki. Uamuzi huo ni wa busara: dawa inayohifadhiwa kwa wanaoihitaji kweli hudumu.

Mtoto mchanga, mwenye kinga dhaifu, mwenye homa au mwenye madoa yanayosambaa kwa kasi hapaswi kutibiwa kwa tyubu ya dukani. Wiki chache baada ya impetigo ya streptokoki, mafigo yanaweza kuvimba hata kama ngozi imekwisha kupona. Mtoto anayeamka na uso uliovimba, au anayekojoa mkojo wa rangi ya kahawia kama soda ya kola, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.