Ukiota mvi, siasa zako zinabadilika?

Leo naomba tuongelee jambo ambalo halikosekani huku kwetu Kyela kila uchaguzi ukikaribia. Kijana akisema anataka mabadiliko, mzee anamjibu: "Subiri ukue mjukuu wangu, utaelewa." Je, ni kweli siasa inabadilika na mvi? Mimi ni kidato cha nne tu, lakini nimelifuatilia hili na jibu langu ni: kidogo ndiyo, zaidi hapana.

Tatizo ni kwamba watu wanachanganya umri na kizazi. Umri ni majukumu. Ukiwa na miaka 20 huna cha kupoteza. Ukifika 50 una shamba la kakao, una majaruba ya mpunga na watoto wako shule. Lazima uogope vurugu. Hapo wazee wana hoja.

Kizazi ni kitu kingine. Ni yale uliyoyaona ulipokuwa kijana, na hayo hayafutiki kirahisi. Mtaalamu mmoja, Karl Mannheim, aliliandika hilo Ujerumani mwaka 1928, ila sisi mfano tunao hapa hapa mpakani.

Vuka Mto Songwe uende Karonga, Malawi. Wangonde na sisi Wanyakyusa ni ndugu, lugha zinasikilizana, ziwa ni moja. Lakini wazee wao walikulia chini ya Kamuzu Banda, enzi ambazo vijana wa chama walikuwa wanadai kadi sokoni na stendi. Tarehe 14 Juni 1993 walipoulizwa kwa kura, zaidi ya asilimia 60 ya Wamalawi walichagua vyama vingi, na kaskazini ndiyo waliongoza.

Huku kwetu wazee walikulia kwenye Azimio la Arusha la 1967 na elimu ya msingi bila ada. Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka nchi mwaka 1991, karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Umeona? Mvi zile zile, ziwa lile lile, siasa tofauti kabisa. Kama ni uzee tu, mbona hawakufanana?

Tena mzee anaweza kubadilika kuelekea upya. Nyerere alikuwa na miaka 43 nchi ilipoingia rasmi kwenye chama kimoja, 1965. Mwaka 1990, akikaribia miaka 68, ndiye aliyesema suala la vyama vingi lijadiliwe, wakati wengi waliokuwa wadogo kwake walikuwa hawataki hata kulisikia. Julai 1992 vyama vingi vikaruhusiwa.

Mababu zetu walilijua hili zamani. Wanyakyusa walikuwa na vijiji vya rika: wavulana walitoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao, wakakua pamoja na mawazo yao. Kila baada ya miaka kama 30 kulikuwa na sherehe ya ubusoka, ambapo kizazi cha baba kiliachia uongozi kwa kizazi cha watoto. Hawakusubiri kijana azeeke ndipo aelewe. Waliona kila rika lina macho yake.

Sasa basi, tujiulize. Kijana aliyekuwa na miaka 18 tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ikazimwa na watu wakapoteza maisha, atakuwa mzee wa aina gani mwaka 2075? Atapata shamba, atapata wajukuu, atapunguza jazba. Lakini alichokiona hakitazeeka naye. Viongozi wanaodhani vijana "watakua tu" wanajidanganya.

Kwa hiyo mzee akikwambia utaelewa, usimtukane. Muulize kwa heshima: "Babu, wewe ulipokuwa na umri wangu uliona nini?" Majibu yake ndiyo siasa yake. Na wewe anza kuyatunza ya kwako.