Masomo ya Mtandaoni kwa Watoto Walio katika Mazingira Magumu

Ubora wa masomo ya mtandaoni kwa mwanafunzi aliye nje ya shule hupimwa kwanza kwa jambo hili: mwalimu anajuaje kwamba mtoto ameelewa? Kenya ilipofunga shule Machi 2020, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) ilirusha vipindi redioni, kwenye runinga na mtandaoni. Vilifika mbali, lakini redio haisahihishi daftari. Huduma ya Shupavu 291 ilikaribia zaidi: kwa simu ya kawaida, bila intaneti, mwanafunzi alisoma somo fupi, akajibu maswali na kuweza kumwuliza mwalimu.

Katika kijiji kama Kibuyuni, Kwale, ambako wanawake hulima mwani, ratiba nayo ni sehemu ya ubora. Kazi hiyo hufuata maji kupwa, na saa zake husogea kila siku. Mzazi mwenye simu akiwa nayo shambani, kipindi cha saa mbili asubuhi humpita mtoto. Afadhali somo lililorekodiwa, pamoja na mwalimu wa watoto wachache anayepiga simu nyumbani siku ileile mtoto asipoonekana. Mkaguzi naye asihesabu waliojiunga tu; asome kazi zilizosahihishwa, aone maelezo ya mwalimu yamemsaidia mtoto kurekebisha nini.