Ulezi wa Mtu Mzima Asiye na Uwezo wa Akili: Mabadiliko ya Sheria Ujerumani

Mchungaji wa usharika huitwa mara nyingi katika kikao cha ukoo kinachoamua juu ya shamba la ndugu mgonjwa wa akili. Wote husema, isipokuwa mwenye shamba. Jambo hili lina historia ndefu katika nchi ya Luther, nasi twaweza kujifunza kwayo.

Sheria ya Kiraia ya Ujerumani, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1900, iliruhusu mahakama kumvua mtu mzima uwezo wake wa kisheria kwa sababu ya ugonjwa au udhaifu wa akili, ulevi, au ubadhirifu. Aliyevuliwa kwa ugonjwa wa akili alihesabiwa sawa na mtoto ambaye hajatimiza miaka 7. Hakuweza kufunga ndoa, kuandika wosia wala kupiga kura. Mlezi alinena badala yake katika mambo yote.

Kumnyamazisha mtu kwa sheria si kumwua. Hata hivyo, asiye na sauti hana kinga. Sheria ya mwaka 1933 iliamuru wagonjwa wahasiwe, na upasuaji huo ulifanywa hata katika hospitali za kanisa, Bethel ikiwamo. Katika miaka ya 1940 na 1941 wagonjwa wapatao 70,000 waliuawa kwa gesi. Mchungaji Paul Gerhard Braune aliandika waraka wa kupinga mauaji hayo, akakamatwa Agosti 1940.

Hata baada ya vita ulezi wa zamani ulidumu mpaka tarehe 1 Januari 1992, ulipofutwa. Tangu hapo mahakama humteua mwangalizi kwa mambo yale tu ambayo mhusika hayawezi, kama vile fedha au matibabu. Hakimu hana budi kumsikiliza mhusika mwenyewe, na uteuzi huchunguzwa upya, sasa kabla ya miaka 7 kupita. Kupewa mwangalizi hakumwondolei mtu uwezo wake wa kisheria. Kura ilichelewa zaidi: waliowekewa uangalizi wa mambo yote waliruhusiwa kupiga kura mwaka 2019 tu, baada ya uamuzi wa Mahakama ya Katiba.

Marekebisho yaliyoanza mwaka 2023 yaliufanya utashi wa mhusika kuwa kipimo cha kazi ya mwangalizi. Haulizi kwanza lipi lamfaa mtu huyu, bali yeye anataka nini. Ndivyo Bwana alivyomwuliza Bartimayo (Marko 10), ingawa upofu wake ulionekana wazi. Utashi huo una mpaka: haufuatwi pale unapomhatarisha sana mhusika naye kwa ugonjwa wake hawezi kutambua hatari hiyo.

Sharti moja latugusa sisi wa diakonia. Mfanyakazi wa nyumba inayomtunza mgonjwa kwa kawaida haruhusiwi kuwa mwangalizi wake, hata nyumba hiyo ikiwa ya kanisa. Tanzania, ambako mashemasi kutoka Bethel walitunza wagonjwa wa akili huko Lutindi tangu mwanzo wa karne ya 20, iliridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa unaowatambulia watu wenye ulemavu uwezo wa kisheria sawa na wengine. Lakini katika kikao cha ukoo, mlezi na mrithi mtarajiwa huwa mara nyingi mtu yule yule. Mchungaji anayeombwa kutia sahihi na aulize kwanza kama mwenye shamba ameitwa.