Kompyuta Ijifunzayo na Injini ya Meli

Hapa Pongwe tunaishi karibu na kiwanda cha saruji. Mtambo wa kiwandani ukisimama, hasara ipo, lakini mafundi huutengeneza pale pale. Meli haina nafasi hiyo. Injini ikizimika kati ya Tanga na Pemba wakati wa kusi, chombo huchukuliwa na mkondo, na miamba haimngoji fundi. Kwa hiyo napenda kuwaeleza wasomaji jinsi kompyuta inavyoweza kutambua ubovu kabla haujaleta msiba.

Kuna njia tatu za kutunza injini. Ya kwanza ni kungoja ivunjike. Hiyo ni hatari. Ya pili ni kubadili vipande kila baada ya saa kadha wa kadha za kazi. Njia hii ni salama zaidi, lakini pengine kipande kizima hutupwa, na kilicho kibovu huvunjika kabla ya zamu yake. Ya tatu ni kuifuata hali ya injini yenyewe. Fundi mzoefu husikiliza mlio, hupima joto, hutazama moshi, akajua.

Kompyuta ijifunzayo hufuata njia hiyo ya tatu. Hupewa mifano mingi ya vipimo, na kila mfano umeandikiwa kiasi cha ubovu wake. Baadaye hupewa vipimo vipya, nayo hukadiria ubovu uliomo.

Mfano mmoja ni kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Genoa, Italia, ya mwaka 2014. Walishughulikia manowari yenye tabini ya gesi. Kila mfano ulikuwa na vipimo 16, kama vile mwendo wa meli, nguvu izungushayo rafadha, joto, presha na mafuta yatumikayo. Walihesabu mwendo wa namna 9, toka maili 3 za bahari kwa saa mpaka 27. Hatua 51 za kuchakaa kwa kompresa ishindiliayo hewa. Na hatua 26 za kuchakaa kwa tabini. Msomaji azidishe mwenyewe: 9 × 51 × 26 ni mifano 11,934. Tofauti ya hatua moja na nyingine ilikuwa sehemu 1 tu katika 1,000.

Mifano hiyo haikutoka baharini, bali katika hesabu za kompyuta zilizoiga meli. Nani angekubali manowari ya kweli ichakazwe kwa namna 1,326? Tena, kompyuta iliyofundishwa tabini haiijui dizeli ya boti. Kila aina ya injini yataka mifano yake.

Mifano hiyo hutoka wapi? Hutoka katika vipimo vya kila siku na daftari ya injini. Fundi akinakili tarakimu za jana bila kutazama geji, kompyuta itajifunza uongo wake, na itasema injini ni nzima hali inakufa.

Basi wenzetu watakaokwenda kusoma katika Chuo cha Bahari Dar es Salaam wakumbuke jambo hili. Kompyuta hutoa shauri, na fundi ndiye aamuaye. Lakini shauri hilo haliwezi kuwa kweli kuliko daftari lilimotoka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na baharini hakuna mahali pa kujenga.