Ayalandi Inamfaa Nini Msukuma? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza namna Ayalandi ilivyotawaliwa na Waingereza. Leo nalijibu swali ambalo mzazi wa Ibadakuli ana haki ya kuliuliza: mwanawe akifika chuo kikuu, asome fasihi na historia ya kisiwa cha mbali ili iweje, ilhali Mwadui kuna almasi na Geita kuna dhahabu? Nasema asome, kwa sababu Waayalandi walifanya kazi ambayo Usukumani bado inatusubiri. Kabla ya njaa kuu ya 1845 hadi 1852, Kiayalandi kilikuwa na wasemaji kwa mamilioni. Njaa iliua watu wapatao milioni moja, wengine zaidi ya milioni wakahama, na waliobaki wakazidi kuwalea watoto kwa Kiingereza, lugha ya shule na ya ajira. Hatimaye wasomi walishtuka. Mwaka 1935 serikali ya Ayalandi, iliyokuwa imekwisha kujitawala, iliunda tume ya kukusanya masimulizi, na kati ya 1937 na 1938 wanafunzi wa shule za msingi wapatao 50,000, wakisimamiwa na walimu wao, waliwauliza wazee hadithi, tiba na habari za vijiji vyao, wakaziandika. Madaftari hayo leo yanahifadhiwa chuo kikuu huko Dublin.

Wako watakaosema Kisukuma hakimo hatarini, kwani wasemaji wake ni mamilioni. Lakini hata Kiayalandi kilikuwa hivyo, na tena lugha yaweza kubaki huku fasihi yake ikipotea. Shujaa Masala Kulangwa na zimwi Shing'weng'we bado wanasimuliwa; nyimbo ambazo vyama vya ngoma vya Wagalu na Wagika walitungiana kushindana ni nyingi mno, na kila mtunzi anayefariki huondoka na zake. Wengine watanionyesha makumbusho ya Wasukuma ya Bujora. Nayaheshimu sana, ila ngoma iliyotundikwa ukutani haitoi maneno yaliyoimbwa nayo.

Jirani yetu Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilichapishwa 1980, kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe, naye akafariki mwaka uliofuata. Kipaji hakikukosekana, kilichokosekana ni chombo cha kukipokea, na chombo hicho huundwa na watu waliosomea kazi hiyo. Idara zetu za fasihi na historia zingeweza kuanza na shule za Shinyanga likizo ijayo, kwa daftari na kalamu.